Kulwa alikufa bila ubatizo, Doto alimwagiwa maji na mkunga Mwislamu: Kanisa linasemaje?

*Swali:* "Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa miaka 26, tuko kigangoni, wilaya ya Nachingwea. Mwezi wa tatu nilijifungua mapacha njiti, mimba ya miezi saba, kwenye zahanati. Mvua ilikuwa imekata barabara na gari la kutupeleka hospitali halikuweza kufika. Kulwa aliishi kama nusu saa, akafa kabla hatujajua la kufanya. Mama yangu alikuwa amenishika mimi kwa sababu damu ilikuwa inatoka nyingi, akamwambia mkunga, 'Mbatize huyu aliyebaki.' Mkunga ni Mwislamu, akasema hajui maneno. Mama akamtajia, naye akayarudia huku akimmwagia mtoto kichwani maji ya kikombe. Doto amepona, sasa ana miezi mitano. Wazee wa kigango wanasema ule haukuwa ubatizo, kwa kuwa mkunga mwenyewe hajabatizwa na maji hayakubarikiwa. Kuhusu Kulwa, mjomba ananisomea Yohana 3:5 na kusema mtoto hakuingia mbinguni, ndiyo maana alizikwa bila katekista. Shemeji yangu naye anasema siku hizi Kanisa limebadilika, maji si lazima tena, kwa hiyo hata kwa Doto nisihangaike. Nimsikilize nani? Au mimi ndiye niliyechelewa?"

*Jibu:*

Milele amina. Na pole sana, mama. Nitakuita Mama Kulwa, maana huyo ndiye aliyetangulia, na kufa kwake hakukuondolea jina hilo.

Barua yako ina sauti tatu zinazovutana: wazee wanaosema Doto hajabatizwa, mjomba anayesema Kulwa amepotea, na shemeji anayesema maji hayana kazi tena. Chini yake iko sauti ya nne, ya kwako mwenyewe, inayouliza kama wewe ndiye uliyechelewa. Hiyo nitaijibu kwanza, usome mengine moyo ukiwa umetulia kidogo. Hapana. Mtoto ameishi nusu saa, mama anatokwa na damu, barabara imekatika: hapo hakuna mtu wa kulaumiwa kwa kuchelewa. Sheria ya Kanisa inawataka wazazi wamlete mtoto abatizwe katika wiki za kwanza za maisha yake. Wewe hukupewa hata saa moja.

Sasa nianze na Doto, kwa sababu kwake kuna kazi ya kufanya, na kazi hiyo ina haraka.

Kwa jinsi ulivyosimulia, Doto amebatizwa, sawasawa na mtoto aliyebatizwa na askofu katika kanisa kuu. Wazee wenu wamechanganya mambo mawili: namna ubatizo unavyoadhimishwa siku za kawaida, na yale ambayo yakikosekana hakuna ubatizo kabisa. Siku za kawaida mbatizaji ni askofu, padri au shemasi. Maji yanabarikiwa, wasimamizi wanasimama, mafuta yanapakwa. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, hayo yote yanawekwa kando na yanabaki matatu tu: maji, maneno na nia. Na anayeyatumia hayo matatu anaweza kuwa mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, Mkatoliki, Mwanglikana, Mwislamu, hata asiye na dini. Hili si jambo la juzi. Mtaguso wa Firenze, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliliandika mwaka 1439: katika dharura hata mpagani anaweza kubatiza, mradi afuate namna ya Kanisa na awe na nia ya kutenda lile ambalo Kanisa hutenda. Kanuni ya 861 ya Sheria za Kanisa zinazotumika leo inashika mafundisho hayo hayo.

Sababu yake ni kwamba anayebatiza hasa ni Kristo. Mtakatifu Agostino alibishana miaka mingi na Wadonati, waliodai kwamba ubatizo wa mhudumu asiyefaa haufai. Akawajibu kuwa akibatiza Petro, anayebatiza ni Kristo. Hata akibatiza Yuda, anayebatiza ni Kristo. Mkunga wako aliazima mkono na sauti. Hakuhitaji kuamini Utatu Mtakatifu. Alihitaji kutaka kutenda lile ambalo mama yako, Mkristo, alikuwa anamwomba. Aliambiwa "mbatize", akakubali, akauliza maneno ili asikosee. Mtu mwenye mzaha hana haja ya kuuliza maneno. Nia hapo inaonekana wazi.

Tena Afrika ya Mashariki tunao ushahidi mzito wa ubatizo usio wa padri. Mwaka 1886, usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei, kule Munyonyo, Uganda, shahidi Karoli Lwanga alimbatiza Kizito na wenzake kabla ya kupelekwa kwenye kifo. Lwanga hakuwa padri wala shemasi. Alikuwa mlei aliyeona hatari mbele yake.

Kuhusu maji, baraka haihitajiki katika dharura. Yanayohitajika ni maji halisi, yale ambayo mtu yeyote wa kawaida akiyaona atasema "haya ni maji". Ya bomba, ya kisima, ya mvua yaliyokingwa na bati, ya mto Lukuledi au Ruvuma hata yakiwa na tope kidogo, ya bahari pale Mikindani, ya kisima chenye chumvi: yote yanafaa. Kwa kuwa tuko pwani ya minazi na mikorosho, niseme na hili: maji ya dafu hayafai, ingawa tunayaita maji. Ule ni utomvu wa tunda. Maji ya mabibo hayafai. Maziwa, soda na mate ni hivyo hivyo. Kama dafu ndilo lililo karibu na kisima kiko nje ya mlango, tuma mtu kisimani.

Maji yanapaswa kutiririka juu ya ngozi ya kichwa, na hapa ndipo watu wengi wanakosea kwa sababu ya huruma. Mtoto njiti anaonekana mdogo mno, basi mtu analowesha kidole na kumchora msalaba kwenye paji, au anampangusa kwa kitambaa kibichi, au anamwagia juu ya kofia ya sufi aliyovalishwa. Hayo yote yanaleta shaka kubwa, kwa sababu kubatiza ni kuosha, na hapo maji hayakuosha, yalipakwa tu. Vua kofia, inua kichwa kidogo, mwaga kijiko kimoja cha chai cha maji yaliyopashwa moto kidogo, yapite kwenye paji na utosi, kisha mkaushe mara moja na kumfunika, maana njiti hupoteza joto upesi. Bomba la sindano lisilo na sindano linafaa sana kwa kazi hii. Kumwaga mara tatu ni desturi nzuri, lakini mara moja inatosha. Na lisilosahaulika: kumsaidia mtoto kupumua kunatangulia, ubatizo hauchukui hata nusu dakika.

Maneno ni haya: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Jina la mtoto likijulikana linatangulia, lisipojulikana ubatizo ni uleule. Kuanza na "Mimi" au kutoanza nako hakuharibu kitu, kwa sababu katika Kiswahili "nakubatiza" tayari ina mtu mmoja anayetenda. Lakini "tunakubatiza" ni kosa linaloua sakramenti; mwaka 2020 Roma ilijibu wazi kwamba ubatizo wa maneno hayo si halali na aliyeupokea anapaswa kubatizwa upya. "Kwa jina la Yesu" peke yake pia haitoshi.

Jambo moja katika barua yako nalisisitiza, kwa sababu paroko ataliuliza. Anayemwaga maji ndiye anayesema maneno, na anayasema maji yakiwa yanatiririka. Kama mama yako ndiye aliyesema yote na mkunga akamwaga akiwa kimya, hapo ubatizo haukuwepo. Wewe umeandika kwamba mkunga aliyarudia huku akimwaga. Mwulize mama yako tena kwa utulivu: mkunga alitamka kwa sauti? Alitamka yote mpaka "Roho Mtakatifu"? Maji yalimgusa mtoto kichwani au yaliishia kwenye khanga?

Ukishayajua hayo, nendeni parokiani, wewe na mama yako, na mkunga akiweza kuja ni vizuri zaidi. Asipoweza, msimsumbue; shahidi mmoja asiye na shaka anatosha kuthibitisha ubatizo. Paroko ataandika katika daftari la wabatizwa jina la mtoto, la wazazi, tarehe na mahali pa kuzaliwa, tarehe na mahali pa ubatizo, na jina la aliyebatiza. Kisha mtapanga siku ya kukamilisha ibada kanisani: Doto atapakwa krisma, yaani mafuta matakatifu, atavikwa vazi jeupe, atawashiwa mshumaa, na wasimamizi watasimama naye. Maji hayatarudiwa, kwa sababu ubatizo haurudiwi. Kama baada ya kuuliza kila mtu shaka inabaki, paroko atambatiza kwa sharti, akisema "Kama hujabatizwa, nakubatiza…", na uamuzi huo ni wake. Wazee wasimchukue Doto na kummwagia maji "kwa usalama". Wataongeza shaka juu ya shaka.

Haraka yenyewe iko hapa: leo mama yako yupo na mkunga bado yuko kituoni. Baada ya miaka 20, Doto akitaka kufunga ndoa na kuombwa cheti cha ubatizo, mkunga atakuwa amehamishwa na kumbukumbu zimechakaa. Sasa hivi barabara imekauka. Usingoje masika mengine.

Nije kwa mjomba. Mjomba hakulitunga neno lile. Yesu alimwambia Nikodemo: "Mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho, hawezi kuuingia ufalme wa Mungu." Kanisa Katoliki linalisoma kama lilivyo, maji kwa maana ya maji. Mtaguso wa Trento, mwezi Machi 1547, uliwalaani wanaosema ubatizo ni hiari na si lazima kwa wokovu, na pia wanaogeuza maji ya Yohana 3:5 kuwa fumbo tu la maneno. Kwa hiyo mjomba ana msingi, na usimjibu kana kwamba anabuni.

Anapokosea ni kulisoma neno moja na kufunga kitabu. Mtaguso huo huo, miezi miwili kabla, ulikuwa umesema kwamba tangu Injili ilipotangazwa mtu hapiti kutoka hali ya Adamu kwenda hali ya neema bila kuoshwa kwa kuzaliwa upya "au hamu yake". Maneno matatu tu, na yana uzito. Maana yake ni kwamba anayeutamani ubatizo na akafa kabla ya kuufikia, neema ya ubatizo inamfikia kwa hamu ile. Wala Trento hawakuibuni hoja hii. Mwaka 392 kaisari Valentiniano wa Pili alikufa ghafla akiwa ameomba ubatizo na hajaupata. Dada zake walilia kwa uchungu kama wako. Mtakatifu Ambrosi, akihubiri kwenye maziko, aliwafariji kwa kusema kwamba aliyeomba neema ile ameipata kwa sababu aliiomba. Mhalifu msalabani hakumwagiwa maji na Yesu alimwambia, "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Katika nyumba ya Kornelio, Matendo ya Mitume sura ya 10, Roho Mtakatifu aliwashukia watu kabla ya maji, na Petro hakusema "basi maji hayana kazi", aliagiza wabatizwe. Mwonyeshe mjomba sura hiyo na umwombe aisome yote, maana inamjibu yeye na shemeji kwa pamoja.

Kwa hiyo mapokeo yetu yanataja ubatizo wa maji, ubatizo wa damu kwa anayeuawa kwa ajili ya Kristo kabla ya kubatizwa, na ubatizo wa hamu. Hizi si sakramenti tatu. Sakramenti ni moja, ya maji, na hizo nyingine mbili zinaleta matunda yake kwa ambaye maji hayakumfikia.

Mabishano haya yamewahi kufika mbali. Katika karne iliyopita, kule Boston, Marekani, padri Leonard Feeney alifundisha kwamba hamu bila maji haimfikishi mtu mbinguni, na kwamba asiye Mkatoliki wa wazi hana wokovu. Ofisi Takatifu ya Roma, inayolinda mafundisho ya imani, ilimwandikia askofu mkuu wa Boston tarehe 8 Agosti 1949, ikaeleza kwamba hamu hiyo inaweza hata kuwa ya ndani, isiyojitambua, kwa mtu asiyeijua Injili pasipo kosa lake lakini aliye na nia ya kufuata mapenzi ya Mungu. Feeney alikataa wito wa kwenda Roma, akatengwa na Kanisa mwaka 1953, akapatanishwa mwaka 1972. Wafuasi wa mawazo yake bado wapo, na maandishi yao sasa yanasambazwa kwenye simu. Ukiletewa ujumbe wa namna hiyo, ujue Kanisa lilishaujibu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1257, imeweka pande zote mbili pamoja: Kanisa halijui njia nyingine ya hakika ya kumwingiza mtu katika heri ya milele isipokuwa ubatizo, Mungu ameufunga wokovu katika sakramenti ya ubatizo, lakini yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Watu wa Lindi na Mtwara wanaokumbuka safari za Dar es Salaam kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 wataelewa upesi. Rufiji ikifurika, abiria alikuwa hana la kufanya ila kungoja pantoni pale Ndundu. Leo ukiulizwa njia utasema "pita darajani", na hutamwelekeza mtu aogelee, kwa sababu hujui njia nyingine ya kumhakikishia. Lakini Mungu aliyetujengea daraja hili si abiria; mto haumzuii kumfuata mtu aliyekwama ng'ambo. Mfano una mwisho wake, maana daraja ni zege na ubatizo ni Kristo mwenyewe anayemshika mtu. Ila unaonyesha tofauti iliyopo: sisi tumefungwa na amri, aliyeitoa amri hajafungwa.

Nadhani hofu ya mjomba ina mzizi mwingine pia. Katika ukanda wetu, tangu Kilwa na Umatumbi hadi Liwale, kumbukumbu ya maji ya Kinjikitile, ya vita vya Maji Maji vya mwaka 1905, haijafutika: maji yaliyoaminiwa kwamba aliyeyapata amekingwa na risasi, na aliyeyakosa yuko wazi. Watu wengi, bila kujua, wanauchukulia ubatizo kwa namna hiyo, kama kinga iliyomo ndani ya maji yenyewe. Nguvu ya ubatizo haimo ndani ya maji kama dawa inavyokuwa ndani ya chupa. Iko kwa yeye aliyeagiza tubatize, anayeyatumia maji kwa sababu amependa kuyatumia.

Lakini Kulwa alikuwa mtoto wa nusu saa. Mtoto mchanga hawezi kutamani ubatizo, na hapa ndipo wanateolojia wamesumbuka kwa karne nyingi. Sitakuficha. Agostino yuleyule niliyemtaja alisema watoto wanaokufa bila ubatizo wanapata adhabu, ingawa nyepesi kuliko zote; alikuwa anapambana na wafuasi wa Pelagio waliokana dhambi ya asili. Walimu wa zama za kati waliona hilo ni zito mno, wakafundisha juu ya limbo, mahali pasipo mateso, pa furaha ya kibinadamu, ila bila kumwona Mungu uso kwa uso. Mjomba huenda alifundishwa hivyo na katekista wa zamani, na katekista huyo hakudanganya, alifundisha kilichokuwa kinafundishwa kwa kawaida. Ila limbo haikuwahi kufanywa fundisho la imani. Karne ya 16 Kardinali Cajetan alipendekeza kwamba hamu ya wazazi inaweza kumfaa mtoto wao, na Papa Pio wa Tano akaamuru sehemu hiyo iondolewe katika maandishi yake. Ndivyo suala lilivyokuwa gumu.

Leo Katekisimu, namba 1261, haiitaji limbo kabisa. Inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, anayetaka watu wote waokolewe, na inakumbusha upole wa Yesu aliyesema, "Waacheni watoto wadogo waje kwangu, msiwazuie." Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, kwa idhini ya Papa Benedikto wa Kumi na Sita, ilitoa waraka mrefu juu ya jambo hili tu, ikasema zipo sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hawa wanaokolewa na kumwona Mungu. Ilitumia neno tumaini kwa makusudi, kwa kuwa Maandiko hayajatuambia waziwazi jinsi Mungu anavyowafikia. Na Kanisa lenyewe kila tarehe 28 Desemba linawaheshimu kama watakatifu watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode, wachanga ambao hawakutamka neno wala hawakumwagiwa maji. Wale waliuawa kwa sababu ya Kristo na Kulwa hakuuawa, kwa hiyo si jambo moja kabisa, lakini linatosha kuonyesha kwamba uchanga haumzuii Mungu.

Kwa hiyo mtu akikuambia "Kulwa hayuko mbinguni", anasema jambo ambalo Kanisa halijalisema. Ukiniuliza mimi kama nina hakika ya mfano wa cheti, nitakujibu kwamba nina tumaini, tena kubwa, na kwamba Kanisa linaniruhusu kukuambia ulishike kwa mikono miwili.

Na kuzikwa bila katekista hakukuwa hukumu juu ya mtoto. Kanuni ya 1183 inamruhusu askofu wa jimbo kukubali maziko ya Kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza na akafa kabla, na Misale ya Kiroma, kitabu cha sala za Misa, ina sala zake maalumu za Misa ya mtoto wa namna hiyo. Pengine kigangoni hawakujua, au hapakuwa na muda wa kuuliza. Bado hujachelewa kumwomba padri, siku ya zamu yake kigangoni, aje kaburini kusali nanyi. Jambo hilo moja litamnyamazisha mjomba kuliko mabishano ya mwezi mzima.

Niongeze hili kwa wakunga na bibi wanaosoma. Mtoto aliyekwisha kufa habatizwi, kwa sababu sakramenti ni za walio hai. Mwiteni kwa jina, msalieni. Kama hamjui kwa hakika amekufa, mwagieni maji mkisema, "Kama u hai, nakubatiza…" Mimba iliyotoka mapema na kiumbe bado kina uhai, kibatizwe. Na mama yako, Mama Kulwa, angeweza kubatiza yeye mwenyewe. Alikuwa amekushika usife, na alifanya vyema kumtuma mwingine.

Shemeji nitamjibu kwa ufupi, kwa kuwa Kornelio amekwisha kumjibu. Kanisa halijabadilika. Waraka ule ule wa 2007 unakataa kutumiwa kama kisingizio cha kuchelewesha ubatizo. Tumaini tulilo nalo kwa Kulwa ni kwa sababu maji hayakumfikia. Kwa mtoto anayeweza kufikiwa, amri iko palepale. Na kuchelewesha kumekuwa tabia huku kwetu: tungoje korosho ziuzwe tupate ya sherehe, tungoje msimamizi arudi kutoka Dar, tungoje tufunge ndoa kwanza. Sherehe si sehemu ya ubatizo. Sadaka isiyopatikana haimzuii maskini kupata sakramenti. Kuhusu ndoa, sheria inadai mzazi mmoja aridhie na kuwe na tumaini kwamba mtoto atalelewa katika imani; ongeeni na paroko kabla ya kujihukumu wenyewe. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, hata hayo hayangojwi.

Na huyo mkunga? Umeandika "Mwislamu" mara moja, kama kasoro ya ubatizo. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1964 juu ya Kanisa, namba 16, inawataja Waislamu kwa jina kati ya wale ambao mpango wa wokovu unawahusu, watu wanaomwabudu pamoja nasi Mungu mmoja mwenye huruma. Alijishusha akarudia maneno ya imani isiyo yake kwa ajili ya mtoto wako. Ukienda kituoni kumuuliza yale maswali, anza na asante.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyatibu. Ikiwa hulali, chakula hakipiti, unamwona Doto na mwili unakataa kumgusa, au mawazo ya kufa yanakujia, usiishie kwa padri. Nenda hospitali ya wilaya au ile ya Ndanda, uwaambie hivyo hivyo bila kuficha. Ukishika mimba nyingine, anza kliniki mapema na useme mwanzoni kabisa kwamba ulijifungua mapacha njiti na ukatokwa na damu nyingi, ili mpange kujifungulia hospitali na kusogea karibu nayo kabla mvua hazijakata barabara.

Mkifika kwa paroko, chukueni kadi ya kliniki ya Doto yenye tarehe ya kuzaliwa, na barua ya mwenyekiti wa jumuiya kama parokia yenu inaidai. Maliza kwanza habari za Doto na daftari lake. Kisha, kabla hujainuka, mwambie paroko kwamba walizaliwa wawili, mtaje Kulwa kwa jina, umwombe siku ya kuja kaburini.